Filamu Imekufurahisha na Kukukera: Namna ya Kuandika Maoni Yenye Uzito

Mtu anayetoka kuangalia filamu kubwa ya mashujaa wenye nguvu za ajabu mara nyingi hutoka na hisia mbili zinazovutana: amefurahi, na papo hapo kuna jambo limemkera ambalo hawezi kulieleza. Akiulizwa, hujibu kwamba picha ni nzuri ila ina kasoro zake, na mazungumzo yanaishia hapo. Jibu hilo halina uongo, lakini halimfai kitu aliyeuliza, kwa kuwa laweza kusemwa kuhusu filamu yoyote iliyowahi kutengenezwa. Wengine, kwa kuogopa kuonekana hawana msimamo, huchagua upande mmoja na kuutetea kwa kelele, wakaacha nusu ya waliyoyahisi. Mwongozo huu unamhusu yule anayetaka kuziandika hisia zote mbili kwa uaminifu, naye ataona kwamba kazi hiyo inahitaji zaidi ya kujumlisha mazuri, kutoa mabaya na kutangaza kilichobaki. Inamlazimu atafute mahali ambapo uzuri na udhaifu wa filamu vimechipuka kwenye shina moja.

Mfano nitakaoutumia ni Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kutolewa Februari 2018. Nimeichagua kwa sababu wasomaji wengi wameiona, na kwa sababu Waafrika wengi waliipenda kwa dhati na bado wakabaki na la kusema. Ambaye hajaiona na anataka kubaki na uhondo wake aiangalie kwanza, maana hapa mwisho wake utatajwa waziwazi.

Andika matukio kabla ya hukumu

Saa chache baada ya kuangalia, kabla hujasoma maoni ya mtu mwingine yeyote, andika matukio matatu au manne ambayo bado unayaona ukifumba macho. Usiandike kwamba uigizaji ulikuwa mzuri. Andika nani alifanya nini, wapi, akiwa amevaa nini. Maneno ya sifa husahaulika haraka na hufanana kwa kila filamu, ilhali tukio lililoandikwa kwa makini huhifadhi ndani yake sababu ya furaha yako au ya kero yako, hata kama sababu yenyewe hujaitambua bado.

Chukua tukio la jumba la kamari la siri mjini Busan, Korea Kusini. Okoye, mkuu wa kikosi cha wanawake wanaomlinda mfalme wa Wakanda, nchi ya Kiafrika ya kubuni, aliyechezwa na Danai Gurira, ameingia akiwa na gauni jekundu na wigi analolichukia waziwazi; Nakia, mpelelezi, aliyechezwa na Lupita Nyong'o, amevaa kijani, na Mfalme T'Challa, shujaa wa filamu, amevaa nyeusi. Mapigano yanapozuka, Okoye analivua lile wigi na kumrushia adui usoni, kisha anaendelea na kazi kwa mkuki wake. Jambo hilo linachukua sekunde chache tu, lakini ndani yake kuna tabia ya mtu, kuna kichekesho, kuna kauli kuhusu nywele za mwanamke Mwafrika iliyotolewa bila hotuba, na kuna rangi tatu za bendera ya umajumui wa Afrika zikitembea pamoja katikati ya watu wasiojua zinamaanisha nini. Mtazamaji aliyeandika hivyo ana hoja mkononi, na hahitaji tena kusema kwamba filamu inasisimua.

Tukio la pili laweza kuwa lile la jumba la makumbusho jijini London, ambako Erik Killmonger, adui wa T'Challa, aliyechezwa na Michael B. Jordan, anasimama mbele ya makabati ya vioo na kumuuliza mhifadhi habari za vifaa vya Afrika vilivyomo, kisha anamuuliza kama anadhani babu zake walivinunua kwa bei ya haki. La tatu laweza kuwa la kero: pambano la mwisho ndani ya mgodi, ambapo wanaume wawili waliovaa mavazi yanayokaribia kufanana wanarushana gizani kama vikaragosi vya mchezo wa kompyuta, na miili yao haina uzito. Liandike hilo nalo kama ulivyoliona, bila kulitafutia udhuru.

Andika pia ulivyoiangalia. Skrini kubwa yenye sauti nzito hufunika udhaifu mwingi wa hadithi, na simu ya mkononi hudhulumu kazi ya mpiga picha. Aliyeiangalia kwenye kibanda umiza, ikiwa na sauti ya mfasiri anayetia chumvi na vichekesho vyake juu ya mazungumzo ya waigizaji, ameangalia kitu kingine kwa kiasi fulani, wakati mwingine chenye raha kuliko asili yake, na ni haki msomaji ajue hivyo.

Ipime kwa ahadi yake yenyewe

Hakuna faida kuilaumu filamu ya aina hii kwa kuwa na mtu anayeruka juu ya magari, kama ambavyo hakuna anayemlaumu sungura wa ngano zetu kwa kusema. Lawama yenye nguvu ni ile inayoishika filamu kwa jambo ambalo yenyewe ililiahidi. Black Panther inaahidi mapema sana, katika utangulizi wake wa Oakland mwaka 1992, kwamba itazungumzia deni lililopo kati ya nchi moja tajiri ya Kiafrika iliyojificha na watu weusi wanaoteseka nje ya mipaka yake. Hiyo ndiyo ahadi ya kuifuatilia hadi mwisho; mengine ni mapambo, mazuri au mabaya.

Ipe kazi ya mikono nafasi yake

Mapambo hayo, hata hivyo, yanastahili aya zake, hasa pale ambapo mafundi wamefanya kazi inayoonekana. Filamu hii ilipata Tuzo tatu za Oscar kati ya saba ilizoteuliwa kuwania: mavazi ya Ruth E. Carter, mandhari ya Hannah Beachler na muziki wa Ludwig Göransson. Kutaja tuzo peke yake ni uvivu. Msomaji anataka kujua ulichokiona: mablanketi ya Wabasotho mabegani mwa watu wa mpakani, kofia pana ya wanawake wa Kizulu walioolewa ikiwa kichwani mwa Malkia Ramonda, udongo mwekundu wa Wahimba katika nywele za mzee mmoja wa baraza, na wekundu wa Kimaasai katika mavazi ya walinzi wa mfalme. Upande wa muziki, Göransson alikwenda Senegal akafuatana na mwimbaji Baaba Maal, na alichotoka nacho kinasikika: T'Challa anatangulizwa na ile ngoma inayobanwa kwapani na kubadilika sauti kama mtu anayesema, na Killmonger anatangulizwa na filimbi ya Wafulani inayogombana na midundo ya kurap. Msikilizaji asiyejua lolote kuhusu ala hizo bado atatambua kwamba wahusika hawa wawili wanapigiwa Afrika mbili tofauti.

Hapa ndipo kero ya kwanza huingia kwa mtazamaji wa kwetu, na ni vyema aikabili moja kwa moja. Lugha inayosemwa Wakanda ni Kixhosa, kofia ni ya Kizulu, blanketi ni la Lesotho, Okoye ana jina la Kiigbo, na kwenye ramani Wakanda haipo kwa yeyote kati yao. Je, huu ni uzembe wa kuiona Afrika yote kama kijiji kimoja? Maoni yangu ni kwamba jibu linategemea unamtazama nani kama mwenye ndoto. Mhusika huyu alibuniwa Marekani mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, na Coogler mwenyewe ni Mmarekani mweusi kutoka Oakland. Mtu ambaye utumwa ulimnyang'anya habari za kabila na mto wa babu zake analikumbatia bara zima kwa sababu hana namna ya kujua kipande kipi ni chake. Nikiutazama mchanganyiko huo kwa jicho hilo, unanigusa. Lakini jicho hilo hilo halinisaidii ninapoona nchi iliyotangulia dunia nzima kwa sayansi ikimpata mtawala wake kwa wanaume wawili kupigana ndani ya maji hadi mmoja asalimu amri au afe. Hapo ndoto ya mbali imeokota dhana ya zamani kuhusu Waafrika na kuivika vito. Angalia kwamba sifa na lawama hapa zimetoka chanzo kimoja, nacho ni umbali wa mwenye kuota. Ukiweza kuandika hivyo, umeshavuka hatua ya kuorodhesha mazuri na mabaya.

Jaribio la kuondoa

Kasoro hazilingani, na maoni mengi huharibika kwa kuzipa zote uzito mmoja. Kuna njia rahisi ya kuzitenga. Chukua kila jambo lililokukera, liondoe kichwani mwako, kisha uangalie kama yale uliyoyapenda yanabaki yamesimama.

Ondoa pambano la mgodini, weka mahali pake pambano lililopigwa picha vizuri zaidi, mchana, miili ikiwa na uzito. Filamu inabaki ile ile, na pengine inakuwa bora. Kwa hiyo picha hafifu za kompyuta ni kasoro ya ufundi. Itaje kwa sentensi mbili na usonge mbele, kwani wanaoandika kurasa nzima juu yake huwa wamepata kitu rahisi cha kupiga. Vivyo hivyo vifaru, wale wanyama wenye pembe puani, wanaotumika vitani: wangeondolewa nisingelia, ingawa yule anayesimama ghafla mbele ya Okoye na kumlamba uso ameniponyoka kidogo katika hesabu hii.

Sasa ondoa ukatili wa Killmonger. Mpenzi wake anapowekewa bastola kichwani na Ulysses Klaue, mfanyabiashara wa silaha, Killmonger asimpige mpenzi huyo risasi. Asimkabe koo mama mzee anayetunza bustani ya mmea unaowapa wafalme nguvu, asiichome bustani hiyo, asimuue Zuri, kuhani mzee. Abaki ni mtoto ambaye baba yake aliuawa na nduguye mwenyewe, mfalme, akaachwa peke yake Oakland ili siri ya Wakanda isitoke, akakua, akarudi, akauliza mlikuwa wapi. Filamu inasambaratika palepale, kwa sababu mtu huyo hashindiki kwa haki. Kiti ni cha ukoo wake, swali lake ni la kweli, na aliyemdhulumu ni dola lenyewe ambalo tunaombwa tulishangilie.

Hapa pana kiini cha hisia mchanganyiko. Jambo bora kabisa katika filamu hii ni kwamba imempa adui hoja kubwa kuliko ya shujaa, na jambo dhaifu kabisa ni kwamba, kwa kuwa filamu ya aina hii sharti iishie kwa ngumi, inalazimika kumwongezea adui huyo maiti moja baada ya nyingine ili mkono wetu umwachilie. Kisha inaona haya. Inampeleka kutazama machweo ya Wakanda akiwa na kisu kifuani, na inampa maneno ya kukataa kuponywa kwa sababu babu zake walioruka baharini kutoka kwenye meli za watumwa walijua kwamba kifo ni bora kuliko minyororo. Mwandishi wa filamu asiyeiamini hoja ya Killmonger asingemwandikia maneno hayo.

Fuatilia pia jibu lililotolewa, kwa kuwa swali kubwa hupimwa kwa jibu lake. T'Challa anakwenda Oakland, ananunua majengo yaliyokuwa yabomolewe, na kutangaza kituo kitakachoendeshwa na Nakia na Shuri, dada yake. Ni jambo jema, na Nakia alikuwa amelidai tangu mwanzo, alipokuwa akisema kwamba Wakanda inaweza kusaidia wakimbizi na kujilinda kwa wakati mmoja, huku W'Kabi, rafiki wa mfalme, akimwambia T'Challa kwamba wakimbizi huja na matatizo yao. Mtazamaji anaruhusiwa kuona kwamba mabishano hayo mafupi kati ya hoja ya Nakia na mashaka hayo yalistahili kuwa filamu nzima, na kwamba hoja ya mwanamke huyo ilishinda bila yeye kupewa ushindi.

Sema unatazama ukiwa wapi

Mwandishi asijifanye hana kwao. Lupita Nyong'o amelelewa Kenya, na Februari 2018 filamu ilioneshwa kwa mbwembwe Kisumu, mji wa ukoo wake, ambako baba yake alikuwa gavana; Florence Kasumba, aliyemcheza Ayo, alizaliwa Kampala; wazazi wa Daniel Kaluuya, aliyemcheza W'Kabi, walitoka Uganda. Mtu wa Afrika Mashariki akisema moyo wake ulipaa alipowaona hao katika filamu iliyogharimu takriban dola milioni 200, hana haja ya kuomba radhi. Anachotakiwa ni kulisema jambo hilo mapema, ili msomaji ajue ni kiasi gani cha sifa kinatoka kwenye filamu na kiasi gani kinatoka nyumbani.

Mahali ulipo pia hufanya baadhi ya kasoro zionekane wazi kuliko kwa wengine. Katika filamu hii, ofisa wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, anayeitwa Everett Ross, anapewa kazi ya kishujaa ya kuzitungua ndege zinazopeleka silaha kwa watu wanaoonewa duniani. Mtazamaji wa mbali anacheka na kupiga makofi. Mtazamaji wa Lubumbashi anaweza kukumbuka kwamba CIA ilipanga kumuua Patrice Lumumba kwa sumu mwaka 1960, jambo lililokuja kuthibitishwa na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe mwaka 1975, na kwamba Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Anaweza pia kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa mabomu ya kwanza ya nyuklia ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga hiyo hiyo. Kwake, nchi ya Kiafrika yenye madini ya ajabu ambayo wageni hawakuwahi kuyatawala ni ndoto tamu kupita kiasi, na ndiyo maana mgeni wa aina ile kukaa kwenye chumba cha mitambo ndani ya nchi hiyo kunamkwama kooni. Akiandika hivyo ametoa kitu ambacho mhakiki wa New York huenda asingekitoa, na hajahitaji kuikana furaha yake.

Kuandika kwenyewe

Ukishakuwa na matukio, ahadi na shina, andika sentensi moja inayobeba hisia zote mbili bila kuzigawa kwa neno «lakini». Linganisha hizi. Ya kwanza: «Black Panther ina mavazi na muziki mzuri, lakini mwisho wake ni dhaifu.» Ya pili: «Black Panther inampa Killmonger hoja nzito kiasi kwamba haiwezi kumshinda ila kwa kumfanya katili, na ndiyo maana pambano la mgodini, pamoja na kelele zake zote, linaonekana kulikimbia swali lililoulizwa ndani ya jumba la makumbusho.» Sentensi ya kwanza inaweza kuandikwa na mtu aliyeona tangazo tu. Ya pili inaweza kupingwa, na maoni yanayoweza kupingwa ndiyo yenye thamani. Sentensi hiyo ikae karibu na mwanzo. Mengine yote yaje kuithibitisha.

Usitumie mapato kama ushahidi. Filamu hii iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani kote, na takwimu hiyo inaeleza ukubwa wa umati, haielezi ubora wa tukio lolote. Alama za saba juu ya kumi nazo ni bora ziachwe, kwa sababu msomaji akiiona namba haisomi aya. Usiwakejeli mashabiki wala wasioipenda. Hujui wameangalia kwa macho gani. Majina ya waigizaji na wahusika yahakikiwe herufi kwa herufi, maana msomaji anayekuta Killmonger ameandikwa kwa namna tatu hatakuamini katika jambo zito. Kuhusu kufichua mwisho, taja mapema kama utaufichua, kisha ufichue bila kigugumizi. Maoni yanayozungukazunguka tukio kuu bila kulisema humchosha aliyeiona filamu na kumtega asiyeiona.

Weka tarehe ya siku uliyoangalia. Chadwick Boseman, aliyemcheza T'Challa, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 akiwa na miaka 43, na tangu siku hiyo matukio ya mfalme kuongea na baba yake katika nchi ya wafu yanaonekana kwa namna nyingine kabisa. Maoni ya 2018 hayakukosea kwa kutokuyaona hayo, na maoni ya leo yasijidai kwamba yaliyaona tangu zamani. Ukiiangalia mara ya pili na hisia zako zikabadilika, acha andiko la kwanza kama lilivyo na uandike jingine.

Mwisho wa andiko, mwambie msomaji ni nani utakayemshauri aiangalie na kwa sababu gani. Mimi ningemshauri mpenzi wa mavazi na muziki aione kwenye skrini kubwa kadiri awezavyo; mzazi mwenye watoto wadogo aiangalie kwanza mwenyewe, kwa sababu ya yule mama anayenyanyuliwa kwa koo na mlinzi anayechinjwa vitani; na mtu asiyefuatilia mfululizo wa filamu hizi asihofu kupotea, kwani hii inaeleweka yenyewe, isipokuwa kipande kifupi cha mwisho kabisa baada ya majina, ambacho anaweza kukiacha akaondoka zake.